Ukurasa wa Unabii Niliouruka

Kisa hiki nimekiandika mara kumi na moja nikakifuta, kwa sababu nilitaka kisiwe na kosa hata moja. Leo nakiacha kilivyo. Kilinitokea kweli, saa tisa mchana, Igowole.

Kiingereza nimejifunza mwenyewe, kwa kamusi na simu. Nikiwa chumbani kwangu Kihesa nilipata maandishi ya yule mwanasayansi wa zamani tunayemsoma kwenye fizikia, yule wa nguvu ya mvutano. Ulijua aliandika pia kuhusu unabii wa Danieli na Ufunuo? Aligeuza siku kuwa miaka, akajumlisha. Nilinakili yote daftarini, isipokuwa ukurasa mmoja: pale anapowaonya wanaokimbilia kutangaza mwaka wa mwisho. Ulikuwa unaniharibia hesabu yangu. Kisha nikasogeza mwaka wake wa kuanzia, na mwisho wa dunia ukaja karibu kabisa. Nikampelekea baba hesabu hiyo kijijini, Igowole.

Baba aliniamini. Akaita watu waangushe paini alizopanda kwa ajili ya masomo ya mdogo wangu, Neema, aziuze kabla ya mwisho huo. Zilikuwa bado changa.

"Mzee, hizi paini au fito?" fundi wa msumeno alimtania.

"We kata tu. Muda hakuna."

Niliingia shambani ukungu umeshuka. Katikati ya miti alisimama mtu mrefu mwenye koti zito. Mimi nilikuwa nimelowa chapachapa, koti lake kavu. Mkononi alishika daftari langu, nililolifungia kabatini Kihesa!

"Kamwene," alinisalimu, kama Mhehe wa kwetu. "Huu ukurasa umeuruka kwa nini?"

Akanyosha kidole upande uliokuwa ukilia msumeno.

"Baba yako yule pale. Kamwambie."

Nilipopepesa macho, hayupo. Majani aliyokanyaga hayakuwa yamelala.

Sasa nisikilize vizuri. Baba alikuwa hatua ishirini tu. Ningepiga kelele, angesikia. Badala yake nilikaa juu ya gogo, nikatoa simu, nikaanza kuhakiki hesabu upya, ili nikikiri, nikiri bila kukosea. Nilipomaliza, msumeno ulikuwa umeshanyamaza. Shamba lote jeupe, hakuna mti uliosimama.

Jioni nilimweleza baba kila kitu. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, shetani amekutisha." Mpaka leo hajapanda mche hata mmoja, na Neema anachuma chai ya watu. Daftari nililikuta kabatini, kufuli halijaguswa. Ukurasa ule niliouruka sasa umo, kwa mwandiko wangu.

Ukigundua umekosea, sema hapo hapo, hata kwa kigugumizi. Mimi nilingoja maneno yaliyonyooka. Niliyapata, na baba hakuyaamini.