VPN ya megabaiti za bure ilivyokaribia kumtia tonton wangu mikononi mwa mwenye boti

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nimesoma humu nyuzi nyingi za "weka VPN ulale salama", nikawa napita kimya. Leo nimeshindwa kupita.

Niko Kisangani, Kongo. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, majina, mitaa na kazi za watu nimebadilisha, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Nina kiduka cha kuchapa na kutoa fotokopi pale Mangobo. Ndiyo kazi inayonilisha.

Kazi isiyonilisha ni blogu.

Huku watu husafiri kwenda Yanonge na Isangi kwa baleinière, boti kubwa la mbao lenye injini. Abiria, mbuzi, chumvi, saruji, vyote humo humo. Boti likioza, abiria ndiye wa mwisho kujua.

Tonton Albert, kaka yake mama, ni mpakiaji mizigo bandarini. Anashuka mpaka chini kabisa ya boti, kwa hiyo anaziona zile mbao zilizozibwa kwa vitambaa na lami. Anapiga picha, ananitumia, mimi naandika: boti fulani msilipande wiki hii. Watu wanapiga screenshot, inazunguka WhatsApp mji mzima.

Sasa fikirieni. Nikijulikana mimi, hakuna haja ya upelelezi kumjua mpiga picha. Na mwenye boti, tumwite Patron, akikukasirikia hupakii tena boti la mtu yeyote pale bandarini. Hapo ni kama una bahati.

Kwa hiyo nilijilinda. Picha nazifuta metadata yote, zile taarifa za simu na mahali. Nakata popote panapoonekana mkono au kiatu. Email ni ya jina la kubuni. Na VPN iko juu kila ninapoingia kwenye blogu. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Ngoja niwaeleze VPN yetu, maana watu wa Dar na Nairobi mtanicheka.

Mtaani kwetu ukitaja VPN, mtu hafikirii siri. Anafikiria megabaiti. Kuna jamaa wanatengeneza config, kifaili fulani unakiweka kwenye app, intaneti inapita bure au kwa bei ya kutupa. Kwetu fundi ni Jérémie. Kijana wa maneno mengi, miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Anakupa jina la mteja, na kuanzia hapo kila kitu cha simu yako kinapitia seva yake. Mtaa mzima uko kwake, mpaka katekista wa parokia.

Na mimi nilikuwa kwake. Nikiona kile kiufunguo cha VPN juu ya screen najiambia nimefichika.

Kampuni ya simu ilikuwa hainioni, sawa. Sikuwahi kujiuliza nimejianika kwa nani.

Jumatano moja asubuhi Tonton akanitumia picha ya ubao ulio chini ya injini ya boti la Patron, lililokuwa liondoke Ijumaa. Akaandika kwamba umelainika. Nikaandaa post, nikaiacha kwanza ili nihudumie wateja.

Mchana mvua ikashuka, duka likabaki tupu. Jérémie akaingia ameloa, akausogeza mlango nyuma yake. Miwani ameivua.

"Yaya," akasema, ndivyo huku tunavyomwita aliyetuzidi umri, "Patron wa bateau alikuja kwangu leo asubui. Anasema mi niko na connexion ya quartier muzima, donc mi naweza jua ni nani anaandikaka ile blog."

Nikaendelea kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Ukamujibu nini?"

"Bado. Nilimuambia angojee kesho." Akajipangusa uso. "Mi sionaka kile mutu anaandika. Mais niko naona fasi simu yake inaendaka. Batu bote banaenda Facebook, banaenda kuangalia mpira. Simu moja tu ndiyo inaendaka kwa ile site, inakawia kule, alors kisha article inatoka."

Hakusema simu ya nani.

Kwa wasiojua: ukitumia VPN, mwenye seva anaona unakwenda tovuti gani, hata kama hasomi unachoandika huko. Wasomaji wangu wanaishia kwenye screenshot za WhatsApp. Aliyekuwa akiingia kwenye blogu yenyewe kupitia seva ile nilikuwa mimi peke yangu.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama yangu anapanda vendredi, anaenda kutafuta samaki Isangi. Ile bateau iko bien ama hapana?"

Wakuu, nilikwama. Ushahidi alionao ni wa kukisia, mtu yeyote angeweza kushika simu yangu. Nikijibu, nimekiri. Huenda ametumwa. Simu yake ilikuwa mkononi, screen imetazama chini, na nilikuwa na hakika inarekodi.

Na nisipojibu, mama yake anapanda Ijumaa. Mama Béatrice namfahamu, anauza samaki wa moshi, Jumapili tunakaa benchi moja kanisani.

Nikamtazama usoni nitafute kama ananidanganya. Sikuona cha kunisaidia.

"Muambie mama angojee bateau ya mardi," nikasema, yaani boti jingine, la Jumanne.

Akaitikia kwa kichwa, akatoka nje kwenye mvua. Mimi nikakaa chini. Nimemkabidhi Tonton kwa mtu nisiyejua yuko upande gani.

Kumpigia simu sikuthubutu. Nikapanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, mpaka bandarini, nikamweleza mdomo kwa sikio. Nilitegemea atanifokea.

"Ulifanya bien, mutoto yangu," akasema. "Sasa tungojee." Akarudi kubeba saruji ya Patron. Heri angefoka.

Ile post niliitoa jioni hiyo, kwa megabaiti za kununua na kupitia Tor, ile browser ya kuficha njia. Wachache waliahirisha safari. Wengi walipanda.

Na boti likafika Isangi salama.

Nilishukuru Mungu kwa ajili ya wale watu, lakini hofu ikazidi. Mama Béatrice samaki wake wakachukuliwa na mwingine, akamsema mwanawe soko zima. Jérémie sasa ana sababu ya kunichukia, na Patron bado anasubiri jibu.

Wiki iliyofuata boti likavutwa mchangani. Wakati wa kurudi walikuwa wametoa maji kwa pampu njia nzima. Mama Béatrice akapita pale, akainama chini ya injini, akausukuma ubao kwa kidole. Kidole kikazama. Tonton alikuwepo, anasema mama alikitoa, akakifuta kwenye kitenge, akaondoka.

Jibu la Jérémie tulilisikia kwa Patron mwenyewe, analalamika mbele ya wapakiaji: blogu inaandikwa na mtu wa Kinshasa, fundi amemwonyesha kwenye mashine kwamba post ya mwisho haikupita kwenye seva yake. Na kweli haikupita. Kumbukumbu za zamani alikuwa ameshazifuta. Ananiambia amefuta zote. Sina njia ya kuhakikisha.

Nilichojifunza: VPN haiondoi jicho, inalihamisha. Kabla hujauliza kama ni bure, uliza seva ni ya nani na anakula na nani. Tor nayo inakwenda polepole mpaka unasinzia, ila njia imegawanywa, hakuna mmoja anayejua kwa pamoja wewe ni nani na unakwenda wapi. Mambo ya hatari yapeleke huko, kwa simu isiyotumika kwa kingine.

Mngekuwa nyinyi mngemjibu Jérémie, au mngenyamaza? Semeni ukweli, hata wa kunitukana nitawasoma.

Simu nimebadilisha, laini nimebadilisha. Jérémie siwezi kumbadilisha. Kila Alhamisi anapita dukani, miwani usoni, anasema tu, "Yaya, mama anakusalimia."

Nami namjibu, "Musalimie, aende." Au, "Musalimie, angojee."