Kadi Kumi Tupu

Mwalimu Hillary Mghanga alikuwa na mwanzo, alikuwa na mwisho, na hakuwa na katikati. Hii ilikuwa wiki ya tatu. Kadi zake kumi na mbili zilining'inia sebuleni kwa vibanio vya nguo, kwenye kamba aliyoifunga kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda, na mkewe Cynthia alilazimika kuinama kila alipopita na sinia ya chai. Kadi ya kwanza ilisema: Mama anaugua. Ya mwisho ilisema: Mwana anafika, anakuta kaburi, analia. Kati ya hizo mbili zilikuwepo kadi kumi tupu.

Ujuzi wa kadi aliupata kwenye simu, kwa mtu wa mbali aliyefundisha kwamba hadithi hupangwa kwanza ndipo huandikwa, kila tukio na kadi yake, ili mtunzi aone kwa macho palipo na pengo. Pengo Hillary aliliona. Alilitazama asubuhi akinyoa ndevu, akalitazama jioni akila ugali, na pengo nalo likamtazama.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi hii aliwahi kuijua. Miaka minane iliyopita shule yake, shule ndogo ya kutwa nje kidogo ya Voi, ilifika fainali za kitaifa za drama kule Nakuru, na mchezo ulikuwa wake tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Picha ya siku hiyo bado iko ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu: Hillary ameshika kombe kwa mikono miwili, meno yote nje. Tangu hapo aliandika kila mwaka, na kila mwaka shule iliishia kwenye mashindano ya kaunti. Lakini mla ni mla leo, mla jana kala nini? Jumanne ile mwalimu mkuu, Madam Christabel, mama wa maneno machache aliyehamishwa kutoka Kisumu, alimwita ofisini.

"Mwalimu Mghanga, Jumatatu asubuhi nataka muhtasari wa mchezo hapa kwa meza. Kama hakuna, nampatia Omolo."

"Omolo, Madam? Huyo ametoka chuo juzi tu."

"Ametoka chuo na mchezo mkononi. Wewe uko na nini?"

Hillary aliaga, akatoka. Mtu asiyemjua angesema, mchezo wa shule ni nini hata mtu mzima akose usingizi? Lakini Hillary alikuwa na kitu kimoja tu duniani. Ualimu wenyewe hakuuweza sana, wanafunzi wake walipata alama za kusikitisha. Shamba hakuwa nalo la maana. Ila mjini Voi watu walimwita Mwandishi. Kinyozi alimwita Mwandishi, mama wa mboga alimwita Mwandishi, na jina hilo ndilo lililomfanya atembee kifua mbele. Omolo akipewa mchezo, kingebaki nini?

Siku mbili zilizofuata alimsumbua mwenzake Okoth, mwalimu wa jiografia aliyelelewa kwenye kambi ya mashamba ya mkonge alikofanya kazi babake, mtu asiye na subira na porojo.

"Shida ni hii," Hillary alimwambia. "Mama yuko mahututi, mwana ameitwa, na hafiki. Kwa nini hafiki? Nimefikiria gari limeharibika."

"Siku nzima? Si apande lingine."

"Basi mto umefurika. Au ndovu wamefunga barabara pale Mraru."

"Ndovu wakae barabarani kutoka asubuhi mpaka jioni? Kwani hawana kazi?" Okoth alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akasema, bila nia yoyote mbaya, "Mimi naona huyo jamaa hakuja kwa sababu hakutaka kuja."

Hillary naye alicheka, akacheka kupita kiasi, halafu akakumbuka kwamba ana daftari za kusahihisha.

Tuseme ukweli, maana yeye hakuwahi kuusema. Siku ile ya Nakuru, siku ya kombe na meno nje, mama yake mzazi alikufa nyumbani kwao Bura. Dada yake mkubwa, Tryphena, alikuwa amempigia jana yake. Alisema, mama ana hali mbaya, anakuulizia. Hillary akajibu, napanda gari la usiku, kesho asubuhi niko hapo. Usiku ulipofika akawaza kwamba mchezo unapanda jukwaani kesho yake saa nane, kwamba mama ameugua mara nyingi na akapona, na akazima simu. Mazishini aliwaambia watu kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Nakuru, mji wenye minara kila kilima! Watu wakaitikia kwa kichwa, kwa kuwa mfiwa habishiwi. Tryphena alikuwa amesimama kando yake na hakutia neno. Hakutia neno siku hiyo wala miaka minane iliyofuata. Hillary alipokwenda Bura alimsalimia, akampakulia chakula, akauliza hali ya watoto.

Ndipo Jumamosi, amekaa chini ya kadi zake kama mtu aliyenyeshewa, Hillary akakumbuka maneno ya nyanya yake. Nyanya alisema hasira ya ndugu humfunga mtu hata kama haijatamkwa. Ng'ombe hawazai, mtoto hanenepi, mkono haushiki kazi. Na dawa yake kwa Wadawida, kabila lao, ni kutasa: mwenye hasira anatia maji kinywani na kuyapuliza nje, anasema kilicho moyoni, anapuliza tena, na hasira inatoka na maji. Hillary aliruka kitini. Kumbe si yeye! Kumbe kichwa chake ni kizima, ni Tryphena tu aliyekifunga!

Ona jinsi mtu anavyoweza kuchukua kitu chema cha wazee wake akakifanya kifungulio cha chupa ya soda. Kuomba msamaha hakukumpitia akilini, kwa sababu mwenye kuomba msamaha ni lazima ataje alichokosa. Kutasa ilikuwa kazi ya Tryphena. Yeye sehemu yake ilikuwa kukaa tu.

Jumapili baada ya kanisa alikuwa Bura, na kilo mbili za sukari na mkate. Tryphena alimlaki kibarazani kabla hajabisha, akamkaribisha kwa mikono miwili, akarudi kwenye kigoda chake na ungo wa maharagwe. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwembamba, viganja vigumu kwa jembe. Ni yeye aliyemuuguza mama yao, peke yake, miaka kumi na mmoja katika nyumba hiyo hiyo.

"Dada," Hillary alisema chai ilipokwisha, "mkono wangu umefungwa. Siandiki. Wiki ya tatu sasa, na kesho wananinyang'anya kazi. Nafikiri uko na hasira na mimi."

"Hasira ya nini?"

Hapo mlango ulikuwa wazi mbele yake, wazi kabisa, hata kipofu angeuona. Hillary aliangalia maharagwe. "Sijui, dada. Wewe ndiye unajua. Nilikuwa nakuomba utase."

Tryphena aliacha kuchambua. "Mimi nimeokoka, Hillary. Hayo mambo tuliyaacha."

"Ni maji tu, dada. Hata kanisani si kuna maji?"

Tryphena aliuweka ungo chini. Halafu akainuka taratibu, akaingia ndani, akarudi na maji kwenye kibuyu cha mama. Yeye ndiye wa kuhurumiwa hapa. Miaka minane aliiombea ile hasira imtoke, alipiga magoti mpaka yakafanya sugu, na kila Pasaka aliikuta pale pale. Sasa mdogo wake amekuja mwenyewe, bila kuitwa, akataka isemwe. Tryphena alidhani kwamba amekuja kuisikia.

Alifunga macho, akapiga funda la kwanza, akalipuliza juu ya udongo baina yao.

"Nilikuwa na hasira kwa sababu ulisema unakuja," alianza, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka majirani wasikie. "Asubuhi mama aliamka akauliza, Hillary yuko wapi? Nikapiga simu, haingii. Nikamwambia uko Mtito. Akalala kidogo, akauliza tena. Nikasema umeingia Voi, unatafuta gari. Akaniambia nikuwekee chai isipoe, nikaiweka. Mchana nikasema umepita Mraru. Saa nane nikasema uko Mwatate. Na hapo Mwatate ndipo nilipokukwamisha, Hillary, kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na Bura peke yake, na Bura ni hapa. Ningesema umefika Bura, angeangalia mlango. Akaniuliza, mbona anakaa sana Mwatate? Nikasema anakununulia ndizi. Akaniambia, mwambie aache ndizi, aje. Saa kumi akakata roho. Alikufa anajua uko Mwatate."

Alipiga funda la pili, akalipuliza. Mabega yake yalikuwa yameanza kushuka.

Nisimsingizie Hillary: kilimchoma. Machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Lakini nyuma ya machozi kitu kingine kilikuwa kimekwisha amka na kukaa wima, na kilikuwa kinahesabu. Mtito, Voi, Mraru, Mwatate: hizo ni kadi nne. Chai jikoni, ya tano. Ndizi! Kitanda kimoja jukwaani, mama na binti, na barabara yote imo katika maneno ya binti. Mwana haonekani kabisa. Na kama haonekani, basi hakuna haja ya kueleza kwa nini hakuja! Swali lililomtesa wiki tatu lilikufa hapo hapo, na Hillary akahisi wepesi wa ajabu. Mkono, ule uliofungwa, ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Ulitoa kalamu na kadi.

Tryphena alikuwa bado amefumba macho. Alikuwa amefika kwenye maneno ya mwisho, yale ya baraka.

"Sasa hasira itoke," alisema. "Itoke kwangu, isimkute. Mkono wake ufunguke. Watoto wake wakue. Nyumba yake iwe na amani." Akapiga funda la tatu, la kumalizia, akafumbua macho ili ampulizie ndugu yake miguuni.

Hillary alikuwa ameinama, kadi juu ya goti, anaandika.

Maji yalikaa kinywani mwa Tryphena, mashavu yamejaa. Aliitazama ile kalamu ikienda. Kisha koo lake likapanda na kushuka.

"Unaandika nini?"

"Nisisahau tu, dada," alisema Hillary, akainua uso wenye machozi. "Ile ya ndizi."

"Usisahau." Alilirudia neno lile polepole. "Mimi nimekaa nayo miaka minane bila karatasi."

"Dada, malizia. Puliza."

"Nimemeza."

"Basi chukua mengine. Maji si yapo?"

Tryphena aliyamwaga yaliyobaki chini ya mgomba, akauweka ungo mapajani, akaendelea kuchambua maharagwe. Hillary alingoja. Alisema dada mara mbili, mara tatu. Mwishowe Tryphena akamwambia ashuke kabla magari hayajaisha, amsalimie Cynthia, na sukari asante.

Chini barabarani, wakati wa kungoja gari, Hillary alikaa juu ya jiwe akajaza kadi moja baada ya nyingine, mkono ukienda mbio kuliko miaka yote minane. Alipofika kwenye ya mwisho, ile ya mwana anayelia kaburini, alisita. Ulikuwa mwisho dhaifu, hata yeye aliliona hilo sasa. Akaupiga mstari, akaandika chini yake: Dada anameza. Aliusoma kwa sauti, akaridhika nao.

Jumatatu saa mbili asubuhi Madam Christabel aliusoma muhtasari akiwa amesimama. Alipofika pa ndizi aliketi. Alipomaliza alitoa leso, akafuta macho yote mawili, na akasema kwamba Omolo angojee mwaka mwingine.

"Lakini Mwandishi," akamwuliza, "kitu kama hiki umekitoa wapi?"

"Kichwani, Madam," Hillary alijibu.