Sakafu Niliyoikwangua

Mtu akikuita mwanangu, humwombi mkataba. Hapo ndipo nilipokosea, pamoja na kidato cha nne changu.

Nilitoka Ruangwa na mtoto mgongoni, hajajua hata kutambaa. Kule tulipanga chumba cha saruji chenye unyevu. Kila nikimlaza chini, kifua kinambana. Baba yake alikwenda kutafuta maisha, akayapata, hakurudi. Nachingwea nikaonyeshwa nyumba ya zamani, ya wakati wa Wazungu waliokuja na mradi wa karanga, imeinuliwa juu ya nguzo fupi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, akanifungulia chumba cha mbele. Humo walikuwa wakihifadhi magunia ya ufuta miaka na miaka. Sakafu nyeusi tii, inanata.

"Usiogope huo weusi, mwanangu," akasema. "Chini hapo ni mbao. Ukisafisha, ni chako. Utakaa mpaka huyu mjukuu wangu aende shule."

Mjukuu! Nikapiga goti kumshukuru.

Nilianza kwa majivu na mchanga. Wapi! Ndipo nikamkumbuka babu yangu kule Nanganga, alivyokuwa akilainisha mpini wa jembe kwa kipande cha chupa. Nikavunja chupa, nikainama, nikakwangua ubao kwa ubao. Uchafu ulitoka kama masizi yaliyolowa mafuta. Kwenye kona zilizoanza kuliwa na mchwa nikapaka mafuta ya maganda ya korosho, yakanibabua vidole hata kumenya muhogo nikashindwa. Mpangaji wa chumba cha pili alikuwa akija kusimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Dada, unachimba madini humo?"

"Njoo unisaidie basi."

"Thubutu! Nyumba ya mtu hiyo. Ukimaliza, njoo umkwangue na mume wangu, labda naye chini kuna mbao."

Tulicheka. Alichokuwa ananiambia nilikuja kukielewa baadaye.

Mbao zikatoka. Mninga mtupu, wekundu wa asali iliyoiva. Nikazipaka nta, nikazisugua kwa kanga kuukuu mpaka dirisha likaonekana chini. Mtoto akawa anatambaa tumbo wazi, kifua kimya. Alipenda kupiga ubao kwa kiganja. Chini ni uwazi, basi ubao unalia du, naye anacheka, anapiga tena. Hapo hapo ndipo aliposimama dede.

Kumbe mlango wangu ulikuwa unachunguliwa. Siku moja nafua uani, narudi namkuta mama mwenye nyumba chumbani kwangu na mwanamume mgeni, mfanyakazi wa mgodini. Kaingia na viatu. Anagonga sakafu kwa kisigino.

"Mninga huu?"

"Mninga, baba. Nimeutunza mwenyewe."

Mwenyewe! Nimesimama pale, vidole vimechubuka, yeye hata hakugeuka.

Mgeni alipoondoka akaniambia, "Mwanangu, yule anakitaka chumba. Wewe nitakupa kile cha uani."

"Kile cha udongo? Mama, ulisema mpaka mtoto aende shule."

"Nilisema? Kwani tuliandikiana?"

"Lakini wewe si ndiye unayeniita mwanangu?"

"Ndiyo. Na mwanangu huwa ananielewa."

Nilitukana siku ile, sifichi. Nilitukana mpaka wa chumba cha pili akanishika mkono. Haikusaidia kitu. Mtu kwake hahojiwi. Nikakunja godoro, nikahamia mtaa wa Nambambo, kwenye saruji tena. Kifua cha mtoto kikarudi kabla hata sijapata pa kutundika chandarua.

Juzi simu ikaita. Sauti ileile, tamu kama hakuna kilichotokea.

"Mwanangu, hamjambo huko? Mjukuu wangu? Sikia, huyu mpangaji anapiga deki na maji ya sabuni kila asubuhi. Mbao zimefubaa, nyingine zimeanza kujikunja. Njoo basi umwonyeshe ulivyokuwa unafanya."

"Nije?"

"Ee, mwanangu. Wewe ndiye unayezijua."

"Kwani mimi na wewe tuliandikiana?"

Nikakata. Nilidhani nitacheka. Mtoto alikuwa amekaa chini miguuni pangu, anapiga saruji kwa kiganja, anasikiliza, anapiga tena kwa nguvu zaidi. Hailii. Akaniangalia mimi, kana kwamba ni mimi niliyeinyamazisha, kisha akaanza kukohoa.