Kiti Si Mshahara

Umewahi kupigiwa kengele kwa sababu umetaja kiti?

Mimi nimepigiwa. Nikiwa na wajukuu watano na meno ya kuhesabu.

Tulikuwa wanawake saba kwenye chumba cha pasi, hospitali ya serikali. Mashuka, magauni ya wagonjwa, makoti ya madaktari. Unasimama tangu asubuhi mpaka jioni, miguu inavimba hadi viatu vinagoma.

Tulitaka viti. Basi.

Ikatoka sheria mpya: chama chetu cha wafanyakazi kikikaa na mwajiri, kizungumzie mshahara peke yake. Kingine chochote marufuku.

Ofisa utumishi akanunua kengele ndogo ya mezani. Tukambatiza Bwana Kengele.

"Tunaomba vi..."

Ting!

"Miguu yetu..."

Ting! "Miguu si mshahara, mama."

"Na nikipiga chafya je?"

Ting!

Mshenzi yule hakuwa anatania.

Chama kikaenda mahakamani. Watu wa zimamoto, nao wa serikali kama sisi, wameachiwa wajadili lolote, sisi tumezibwa midomo; huo si ubaguzi? Nikapelekwa kuwa shahidi, maana katibu alisema nina mdomo.

Wakili wa serikali, tai imemkaba shingo, akaniuliza, "Bibi, mshahara unapokea kila mwezi?"

"Napokea, mwanangu."

"Sasa shida iko wapi?"

"Naupokea nimesimama."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji akainamia makaratasi yake, lakini mabega yalimsaliti.

Miezi minane baadaye akakifuta kile kifungu cha mshahara peke yake. Tulipiga vigelegele mpaka askari akatutoa nje.

Kikao cha kwanza, meza ileile. Bwana Kengele kaja mikono mitupu.

"Karibuni. Semeni lolote."



Wanawake saba wenye midomo ya pilipili, wote tunautazama mkono wake! Nikaanza, "Tunaomba..." nikajikata mwenyewe, nasubiri ting. Haikuja. Mwenzangu wa pasi ya pili akajaribu, akaishia kumeza mate.

"Shoga, tumelogwa?" akaninong'oneza.

Hatukulogwa. Jaji atakufutia sheria kitabuni, lakini ile iliyokwisha kukukaa kooni utaitoa mwenyewe. Mnaonisoma, msikae mkingoja mtu aje kuwatolea.

Nikasimama, magoti yakalia.

"Endelea, mama," akasema Bwana Kengele, kwa upole wa kunichefua.

"Viti, mwanangu. Saba. Tena vyenye egemeo."