Nyumba za Chupa

Mtu ninayemsimulia alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote ofisini kwetu, na mwandiko huo ndio uliomponza. Tulimwita Kisanduku, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupiga hodi kwenye nyumba za watu, kuuliza maswali ya utafiti na kutia alama kwenye visanduku vya Ndiyo na Hapana. Mimi nilikuwa karani wa takwimu: alichoandika yeye mtaani, mimi nilikiingiza kwenye kompyuta. Miaka tisa tulikaa meza jirani. Alikuwa akinitania kwamba kazi yangu ni kulea kiyoyozi, nami namjibu kwamba viatu vyake vinahitaji likizo kuliko yeye.

Utafiti wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Mtaa mmoja, nyumba mia mbili zenye watoto wadogo, maji ya bomba yanayonuka tope, na kuhara kusikoisha. Kulikuwa na dawa mpya ya kutia kwenye maji, kizibo kimoja kwa ndoo. Ikapigwa kura. Nyumba mia zikapewa chupa ya dawa, mia nyingine zikaachwa zilivyo, ili baada ya mwaka watoto wa pande mbili walinganishwe. Daktari mkuu wa utafiti aliahidi mbele ya mtaa mzima kwamba tofauti ikionekana, dawa italetwa bure kwa kila nyumba, na itaendelea kuja.

Mdogo wake Kisanduku aliisikia ahadi hiyo akiwa mstari wa mbele. Alikuwa akiishi mtaani humo na binti wa mwaka mmoja, mtoto aliyekonda hadi mbavu zinahesabika. Kura ikamnyima chupa. Ikampa jirani yake wa ukuta mmoja, fundi cherehani, mama mtu mzima aliyekuwa akilea mjukuu.

Kabla ya kuanza, Kisanduku alipewa mafunzo ya nusu siku. Alifundishwa kusalimia, kuuliza bila kumlisha mtu maneno, na kutia alama isiyotoka nje ya mistari. Swali la kumi na nne liliwahusu wenye chupa: je, umempa mtu wa nyumba nyingine dawa hii? Akaambiwa awaonye wasigawe, na atakayegawa atatolewa kwenye utafiti na chupa yake itachukuliwa. Akanyoosha mkono kuuliza kwa nini. Akajibiwa kwamba muda wa chai umefika.

Ziara ya tatu, fundi cherehani alimjibu swali hilo bila hata kusimamisha mguu kwenye cherehani.

"Nampa mdogo wako. Kila asubuhi kizibo kimoja."

"Mama, si nilikwambia usigawe?"

"Uliniambia. Na yule mtoto anavyolia, na ukuta wenyewe ni kama karatasi, ulitaka nitie pamba masikioni? Chupa inanitosha na kubaki. Haya, andika."

Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba mkono ulimgomea. Akiandika Ndiyo, gari la mradi lingekuja kuchukua chupa, na mpwa wake, ambaye wiki ile kwa mara ya kwanza alikuwa amekula na chakula kikakaa tumboni, angerudi kule kule. Akatia alama kwenye Hapana.

Wiki mbili baadaye nyumba nyingine ikamwambia kwamba inagawa. Kisha ya tatu, kisha ya tisa, kisha akaacha kuhesabu. Angemwandikia vipi huyu Ndiyo wakati yule alimfumbia macho? Wote wakawa Hapana, kwa mwandiko ule ule wa kupendeza.

Na mimi? Mimi nilisomea takwimu chuoni miaka miwili. Nilijua kabisa kwamba dawa ikivuka ukuta, ulinganisho umekufa, maana pande zote mbili zinakuwa zinakunywa maji yale yale. Mwaka ule niliingiza Hapana elfu mbili na mia sita, bila Ndiyo hata moja. Mtaa gani huo, ambao watu wanaazimana chumvi, sufuria, hata viatu vya kwendea msibani, halafu dawa ya mtoto wanyimane? Niliona. Nikajitia hamnazo, kwa sababu daktari alipenda karatasi safi na mimi nilipenda kusifiwa. Nalisema hili wazi, kwa kuwa sina tena wa kumficha.

Mwaka ulipoisha daktari alituita chumba cha mikutano. Akatuonyesha ukutani mistari miwili, wa nyumba za chupa na wa nyumba zisizo na chupa. Yote miwili ilikuwa imeshuka, tena imeshuka pamoja, huwezi kupitisha hata unywele kati yake. Kuhara kulikuwa kumepungua karibu nusu, mtaa mzima.

"Kumepungua kwenyewe," daktari alisema. "Labda bomba limetengemaa. Dawa haikuongeza kitu. Tunafunga mradi."

Kisanduku akasimama. Miaka tisa sikuwahi kumwona akisimama mkutanoni.

"Daktari, hakukupungua kwenyewe. Waligawana. Nilijua, nikaandika uongo. Nifukuzeni mimi, lakini dawa msiifukuze."

Daktari hakukasirika, na ndiyo maana namchukia hadi leo. Alivuta faili, akalifungua taratibu.

"Swali la kumi na nne. Hapana. Hapana. Hapana. Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Nyumba zipi ziligawa? Tarehe zipi? Kwa nani?"

Kisanduku alitaja tano, sita, akakwama.

"Sasa mzee wangu, siwezi kuandika ripoti kwa kumbukumbu za mtu anayekiri kwamba ni mwongo. Kukiwa na ushahidi mwingine nitazitupa karatasi hizi zote na kuomba utafiti urudiwe. Bila hivyo, nazifuata." Akanigeukia. "Karani, wewe ndiye uliyeziingiza. Uliona dosari yoyote?"

Kisanduku alinitazama. Alikuwa hana wasiwasi hata kidogo, masikini, alijua nitasema.

Nikasema karatasi zilikuwa safi.

Unga wake ulimwagika siku hiyo hiyo. Chupa zikakusanywa, zikapakiwa kwenye gari la mradi, likaondoka. Wangu ulibaki salama. Nilihamishiwa mradi mwingine na kupewa meza ya dirishani.

Mwezi mmoja baadaye nilitumwa kumpelekea barua yake ya kuachishwa kazi. Nilimkuta kwa mdogo wake. Walikuwa wametoka hospitali asubuhi hiyo, mtoto ana plasta mkononi mahali palipochomwa sindano ya maji, macho yameingia ndani. Kisanduku alikuwa akimweleza mdogo wake mambo ya mistari miwili, kwa maneno ya kawaida, kama ambavyo ilipaswa aelezwe mwaka mzima uliopita.

"Kwa hiyo, kaka, kama tungenyimana, dawa ingekuja?"

"Ingekuja, mdogo wangu."

"Mtaa mzima?"

"Mtaa mzima."

Mdogo wake akampangusa mtoto midomo iliyokauka.

"Basi si mngetuambia? Mwaka mmoja tungejikaza. Tungechemsha maji, tungekopa kuni, tungefanya lolote. Mimi mwenyewe ningemrudishia mama wa watu kile kizibo chake."

"Sikujua. Mimi niliambiwa tu kwamba msigawe."

Akaninyanyulia uso. Hakuwa na hasira, alitaka tu kujua.

"Na wewe, dada? Wewe wa ofisini, nawe ulikuwa hujui?"

Nikasema sikujua.

Kisanduku alijua nilisomea nini. Alipokea barua, akamchukua mtoto mapajani mwa mama yake, akanifungulia mlango.