Mgonjwa wa Kwenye Sinema

Enzi zetu sinema haikukaa mfukoni. Ilipanda milima hadi kwetu Mlalo ndani ya gari, ikaoneshwa kwenye shuka iliyotundikwa uwanjani, na kijiji kizima, mablanketi begani kwa baridi, kikaitazama shuka hiyo moja. Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka, ambako picha iligeuka na watu wote wa sinema walikula kwa mkono wa kushoto. Vijana wa leo, kila mmoja na simu yake na vidude masikioni, wanakaa kochi moja na hawacheki pamoja!

Mwaka mmoja dada yangu Naomi alipata nafasi ya kusomea upigaji chapa Dar es Salaam. Baba alisharidhia, mama bado alisitasita. Kwa bahati mbaya, sinema ya safari hiyo ilihusu mtaa wa mjini: binti kapanga chumba, anaugua, na majirani wanapita mlangoni bila hata hodi. Mama akasimama mbele ya watu wote. "Nyie! Mtoto anaumwa humo ndani!"

Asubuhi akamfuata mwonesha sinema na kikapu cha magimbi.

"Mfikishie yule binti."

"Shikamoo mama. Yule ni mzima, anaigiza tu."

"Marahaba. Na wale majirani?"

"Nao wanaigiza."

"Wa kweli, je? Wanapiga hodi?"

Kijana akatazama chini. "Wengine, mama."

Mama akarudi na kutangaza kwamba Naomi haendi. Dada alilia siku mbili, hata uji hakugusa. Siku ya tatu mama akasema, "Utakwenda. Na mimi nakupeleka."

Huko Dar mama yangu, Mungu amrehemu, alipita mtaa mzima nyumba kwa nyumba, dada nyuma yake akiona aibu. "Hodi! Huyu ni mwanangu. Msipomwona asubuhi, mgongeeni." Dada alipokuja kuugua malaria, mlango uligongwa mpaka akawaomba wamwache alale.

Mimi ninayewacheka vijana nimekaa mtaani kwangu, hapa mjini, miaka kumi na mmoja. Mwezi uliopita niliona maturubai nyumba ya pili, nikamuuliza mlinzi ni harusi ya nani. Akaniambia jirani yangu aliugua wiki mbili, na jana yake walimzika.