Kwenda Buhinyuza Kuiamsha Piano ya Mwalimu

Mimi ni mwoga, na kazi yangu ni ya kusafiri. Nasema mapema ili msomaji asinitarajie ushujaa. Narekebisha sauti za piano, ufundi nilioupata Tabora miaka ile familia yetu ilipokuwa kambini Tanzania, na tangu turudi Burundi naishi Gitega. Piano ni chache huku, kwa hiyo anayeniita huwa ana sababu.

Konsolata alinipigia simu kutoka Buhinyuza, mkoani Muyinga. Baba yake, Mwalimu Sirili, aliyefundisha nyimbo shuleni zamani, alikuwa amerudi kutoka Tanzania, wa mwisho katika ukoo wao. Lakini begi lake hakulifungua.

"Amesema anakaa mpaka dimanche, Jumapili hii tu," alisema Konsolata. "Roho ikikataa, anarudia kule. Donc, piano yake tumeichunga miaka yote. Mi nataka aisikie kama zamani. Labda atabaki."

Nilikubali kwa mdomo tu. Wazazi wangu walikimbia vita kwa barabara ya huko, mimi nikiwa mgongoni, na kwetu jina la Muyinga halikutajwa wakati wa kula.

Asubuhi ya kuondoka Gitega nilipanga begi: ufunguo wa kukazia nyuzi, koleo, nyuzi za akiba, vitambaa vizito vya kuziba nyuzi jirani ili moja isikike peke yake, na kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hutoa noti ya la, ile ya kupimia nyingine zote. Konsolata nilikuwa nimeshampa masharti ya mteja: piano iwe mbali na jua la dirishani, mbali na moshi wa jikoni, na nyumba iwe kimya. Nilijiona fundi kamili.

Kabla ya Karuzi teksi yetu ilisimamishwa, na askari akafungua begi langu. Koleo, nyaya, vyuma: hata mimi ningejishuku.

"Bon, hii iko ya kufanya nini?" aliuliza.

Nilikigonga kile chuma gotini nikakisogeza sikioni mwake. "Ka! Iko inaimba!" alisema, akacheka, akatuachia. Abiria walicheka pale pale. Mimi kicheko kilinifikia vilima vitatu mbele.

Muyinga nilishukia kwa Fundi Hamisi, seremala wa mtaa wa Waislamu. Ndiye aliyeificha piano ya Mwalimu karakanani kwake vita vilipochacha, miguu yake akaisimamisha ndani ya mikebe ya majivu ili mchwa wasipande. Fundi yeyote wa piano atakayepita huko aanzie kwake. Alinilisha, akanipa vipande vyembamba vya mbao vya kubania misumari ya nyuzi iliyolegea.

"Mwalimu iko mutu muzuri," aliniambia tukiagana, "lakini masikio yake iko bado kwa vita. Mulango ikijifunga kwa nguvu, anasimama. Usimushitue, ndugu."

Nilidhani anasema juu ya nyuzi. Uzi mkuukuu ukikatika hulia kama risasi. Nikaapa kukaza polepole.

Buhinyuza nilifika jioni kwa pikipiki, na kesho yake nikaamkia kazini. Konsolata alitaka baba yake aikute piano tayari, kwa hiyo alimwomba akatazame shamba la kahawa bondeni, na yeye Konsolata akaenda sokoni. Nilifunga mlango na madirisha. Kimya kilikuwa kama nilivyoagiza.

Asiyeijua kazi hii hudhani fundi hupiga nyimbo. Fundi hugonga kibao kimoja cha piano, kwa nguvu, mara nyingi, huku akikaza uzi kidogo kidogo. Nyundo zinazopiga nyuzi ndani ya piano ile zilikuwa zimekauka, sauti ikatoka kavu, ya chuma. Nikagonga. Nikangoja. Nikagonga tena.

Ndipo niliposikia miguu, watu wengi wakikimbia. Mama mmoja aliita mtoto kwa jina, akaita tena, sauti ikazidi kwenda mbali. Komeo la mlango likaanguka mahali fulani. Halafu pakawa kimya, si kile nilichoagiza: hakuna aliyetwanga, hakuna aliyekohoa. Kitu kilikuwa kinakuja kwa barabara, na mlima mzima ulikijua isipokuwa mimi. Nikaingia chini ya piano na ufunguo wangu mkononi, nikaomba nisikohoe.

Konsolata ndiye aliyeikuta miguu yangu imechomoza.

"Fundi! Ni we ulikuwa unagonga?" Alikuwa anahema. "Wakati ya vita walitundika rimu ya gari pale njia panda. Mulinzi akiona watu wabaya, anagonga moja, anangoja, anagonga moja. Ukisikia, unakimbia, huulize. Na sauti ni hiyohiyo! Kila mutu anajua!"

"Mimi sikuwepo," nilisema.

"Na baba amekimbilia upande ya Tanzania."

Tuliteremka bondeni tukipiga kelele, "Ni piano! Ni piano tu!" Watu walitoka kwenye mtama, wengine wakinitukana, wengine wakicheka huku meno yanagongana. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu tulimkuta ng'ambo ya kijito, peku, suruali imelowa. Jirani yake bibi Languida alikuwa amemshika mkono, wote wawili wanatetemeka.

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Hakuniangalia. Aliwaangalia majirani wakipanda kutoka bondeni mmoja mmoja, watu ambao hawakuwahi kuhama.

"Wiki nzima nawatazama mnavyolima na kulala usingizi," aliwaambia. "Nikasema woga huu ni wangu peke yangu, sistahili kukaa na watu waliopona. Kumbe hata ninyi!"

"Yoo, Mwalimu," alisema bibi Languida, "sisi tuko naogopa kila siku. Tumezoea tu."

Mwalimu akanigeukia. "Twende ukagonge tena. Safari hii mlango uwe wazi."

Niligonga mpaka jioni, watu wamejaa mlangoni na madirishani, Mwalimu ameketi karibu nami. Kila pigo mabega yalishtuka, yake, yao na yangu. Hakuna aliyeacha kushtuka. Lakini bibi Languida alianza kupukuchua maharage yake, na hakuna aliyeondoka.

Jumapili Mwalimu alipiga wimbo wa kanisani, akakosea, akarudia. Jumatatu asubuhi nikipanda pikipiki niliiona suruali yake imeanikwa kwenye kamba, na shati lake la pili kando yake. Begi lilikuwa limefunguliwa.

Nimerudi Gitega na woga wangu uleule. Wateja wakiniuliza waandae nini, bado nawatajia jua na moshi, nawaelekeza kwa Hamisi. Kuwaarifu majirani siwaachii. Napita mwenyewe nyumba kwa nyumba, nagonga kile chuma waisikie sauti. Kisha nafungua mlango, na kabla ya noti ya kwanza naita nje: "Ni mimi, fundi wa piano. Msikimbie."